Bi Penseli na Lebo za Wavunaji

Ukitaka kumchokoza Bi Penseli, mwite mvunaji wake buibui. Basi, umeshaiharibu siku. Atakushika mkono akupeleke mezani, akuinamishe kwenye hadubini, na hatakuachia mpaka ukiri kwa mdomo wako mwenyewe kwamba buibui ana kiuno na mvunaji hana, kwamba buibui anasokota utando na mvunaji hajui hata uzi ni kitu gani. Sumu hana. Ukimshika, anachoweza maskini ni kunuka, na kukuachia mguu mmoja unaotikisikatikisika kidoleni mwako huku mwenyewe akishika njia. Umemwona, usijifanye hukumwona: mwili kama punje ya mtama, miguu minane mirefu isiyo na adabu, nyuma ya tanki la maji. Ukampiga kandambili. Wataalamu wanamwita mvunaji, na Bi Penseli ametunza chupa elfu moja mia tatu na kumi na sita za wavunaji, kwa miaka ishirini na minane, katika chumba cha chini cha jumba la makumbusho.

Jina la Penseli alilipata kihalali. Kila siku kuna penseli mbili zimechomekwa kwenye kilemba chake, moja imechongwa na nyingine inangoja zamu, na ole wako akukute na kalamu ya wino karibu na chupa zake. Wino na spiriti haviishi nyumba moja. Wiki mbili tu, maandishi yamegeuka maji ya bluu. Penseli haiondoki. Kwa hiyo lebo ya mvunaji huandikwa kwa penseli, kikaratasi kidogo kama kucha ya dole gumba, na huwekwa ndani ya chupa pamoja na mdudu mwenyewe, humo humo kwenye spiriti. Haibandikwi nje, maana gundi hubanduka. Haiwekwi kwenye faili, maana faili huliwa na mchwa.

Na lebo inasema nini? Hapo ndipo wajuaji wengi wanapoangukia pua. Haisemi jina la mdudu. Jina liko kwenye rafu, kwa sababu chupa zote za aina moja hukaa pamoja. Lebo inasema kwao: kilima gani, upande gani wa kilima, chini ya gogo au chini ya jiwe, tarehe ngapi, nani aliyemwokota. Mvunaji si ndege, jamani. Kuna aina zinazoishi kilima kimoja tu duniani, hazijawahi hata kuvuka bonde kwenda kumsalimu jirani. Ukimwondolea lebo yake, umebaki na mdudu mfu ndani ya pombe, na huyo hata baa yupo.

Bi Penseli aliingia pale akiwa mfagiaji. Kidato cha pili alikiacha njiani baba yake alipofariki, na miaka mingi baadaye akaja na ufagio na ndoo, mimba ya kwanza tumboni. Chumba cha chini kilikuwa cha mtafiti mmoja mzee ambaye kila mtu alimwita Mzee Kibano, kwa kuwa hakuwahi kuonekana bila kibano chake cha kushikia wadudu, hata kwenye foleni ya chai. Siku moja wageni walizichanganya chupa za rafu nzima, wakaondoka zao. Mzee aliporudi akazikuta zote mahali pake.

"Nani amezipanga?" aliuliza.

"Mimi, baba. Si zina lebo? Nikifagia huwa nazisoma, najua kila kilima kinakaa wapi."

Mzee Kibano akamtazama mfagiaji, akautazama ufagio. Wiki iliyofuata alimwombea kwa wakubwa abadilishiwe kazi. Akamfundisha kuchonga penseli, kuongeza spiriti inapopungua, kukata karatasi isiyooza. Kisha akamfundisha kutambua aina, na hapa ndugu zangu tuambiane kama watu wazima: wavunaji hutofautishwa kwa uume wa dume. Kwa macho aina tano hufanana kama mayai ya kuku mmoja. Unamfungua dume chini ya hadubini, unakitazama kitu chake, na kila aina ina mtindo wake. Bi Penseli akawa bingwa. Majirani walipopata habari, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, alitaniwa mwaka mzima. "Shemeji, mkeo leo ameangalia vingapi?" Naye fundi alikuwa akijibu bila kuinua macho kwenye mshono, "Vyote vidogo, ndiyo maana anarudi nyumbani."

Walikwenda misituni pia. Alijifunza kupiga magoti kwenye majani yaliyooza, kugeuza gogo polepole na kulirudisha lilivyokuwa. Chini ya gogo moja waliwahi kumkuta dume ameinamia mayai, anawafukuza sisimizi. Jike hayupo. Mzee akamwambia kwamba kwa aina ile baba ndiye mlezi, wiki nyingi hatoki hapo, karibu hali kitu. Bi Penseli alicheka mpaka akakaa chini. "Huyu tumpeleke mtaani kwetu," alisema, "akawape semina."

Mzee Kibano alipofariki, chumba kilibaki mikononi mwa huyu mama asiye na cheti. Wakuu wa makumbusho walikuja wakaenda, na kwa kuwa hakuna hata mmoja aliyeipenda harufu ya spiriti, walimwacha. Watafiti wa mbali waliandika barua wakiomba kuazima chupa, yeye akazifunga kwenye pamba, akazituma, akazipokea zikirudi. Akizikuta na kosa aliwaandikia. Walimjibu kwa heshima, wengi wakidhani ni profesa, naye hakuona sababu ya kuwaharibia furaha.

Ndipo akaja Mkuu mpya. Suti, kompyuta, maneno. Huyu bwana alikuwa anajua kuongea! Kikao cha kwanza alisema "maboresho" mara kumi na tisa, mlinzi wa mlangoni alihesabu. Wafadhili walitaka wadudu wote waonekane kwenye tovuti, picha safi, kila chupa na namba yake. Hilo si baya, na Bi Penseli hakulipinga. Alisema tu, "Mkuu, kabla hamjaanza niiteni." Mkuu akasema bila shaka, mama.

Mwezi uliofuata mama mkwe wake alivunjika nyonga. Bi Penseli akachukua likizo, ya kwanza katika miaka sita, wiki tatu. Aliporudi, Jumatatu asubuhi, alifungua mlango wa chumba chake akaona kila chupa imebandikwa stika nyeupe yenye namba. Akasogea karibu. Akachukua moja, akaiinua kwenye mwanga. Mvunaji yumo. Lebo haimo. Akachukua ya pili, ya tatu, ya kumi. Akairudisha ya kumi rafuni.

Mpiga picha wa mkataba alikuwa pembeni akifunga kamera zake, mtu mzima mpole, hana neno baya na mtu.

"Karatasi ziko wapi?" Bi Penseli alimwuliza.

"Karatasi gani, mama?"

"Zilizokuwa ndani ya chupa."

"Aa, zile! Zipo, zipo. Zilikuwa zinawaziba wadudu kwenye picha, Mkuu akasema zitolewe." Akavuta boksi la viatu chini ya meza, akalifungua akitabasamu. "Zote nimezitunza humu. Hata moja haijapotea."

Zilikuwa zimekauka, zimejikunja, zimechanganyika zote pamoja kama pumba. Lebo elfu moja mia tatu na kumi na sita. Kweli, hata moja haikupotea. Bi Penseli alilitazama lile boksi kwa hasira. Miaka ishirini na minane yake, arobaini ya Mzee Kibano, ndani ya boksi la viatu namba arobaini na mbili!

Alipanda ngazi na chupa moja mkononi. Hakubisha hodi.

"Mkuu, umefanya nini?"

"Mama, karibu. Tumekuboreshea chumba."

"Nimekuuliza umefanya nini! Nani kakwambia lebo inatolewa?"

Mkuu akaegemea kiti. "Mama, tusirudi kwenye ushamba. Majina ya wadudu si yapo kwenye rafu? Zile karatasi zilikuwa zinarudia tu. Tena sasa kila chupa ina namba. Tukipata nafasi tutaingiza zile karatasi kwenye kompyuta, kila kitu kitakaa sawa."

"Utaziingiza kwa namba ipi? Utajuaje karatasi ipi ni ya chupa ipi?"

Mkuu akaanza kupangapanga karatasi mezani. Hapo Bi Penseli aliona wazi kwamba bwana huyu, na shahada zake tatu ukutani, alikuwa hajawahi kuisoma hata lebo moja. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu alikuwa analipwa kujua. Bi Penseli akafungua kifuniko, akachovya dole gumba kwenye spiriti, akalipitisha juu ya ile stika mara moja tu. Namba ikageuka doa la kijivu.

"Na hii namba yako," alisema, "itadumu mpaka siku nitakapofungua chupa na tone likadondoka. Yaani kesho."

Alirudi chini, akajifungia, akalia kwa hasira. Hakulia sana. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yeye alikuwa mfagiaji kabla ya kuwa chochote, na mfagiaji hufanya bidii hata na maji. Alitandaza lebo mezani akaanza.

Zilizokuwa rahisi zilikwenda haraka: kama aina inaishi kilima kimoja tu, na chupa ni moja tu, lebo yake ni ile ile, rudisha. Kisha zile alizozikumbuka kwa alama. Huyu alikosa mguu wa tatu wa kushoto tangu mwaka wa mvua nyingi. Chupa hii ina ufa kwenye shingo, aliiangusha mwenyewe akiwa na mimba ya pili. Lebo hii ina doa la kutu, na kizibo cha waya kilikuwa kimoja tu. Aliwafungua madume akalinganisha. Aliandikia watafiti waliowahi kuazima, wakamtumia picha za zamani. Wiki ya kwanza macho yalivimba. Wiki ya tano, chupa elfu moja mia moja ishirini na tisa zilikuwa zimerudishiwa lebo zake, na kila moja alikuwa tayari kuiapia.

Zilibaki mia moja themanini na saba, na hizo hakuzijua. Alijaribu kila njia, hakuzijua.

Mbaya kuliko zote zilikuwa chupa tisa za mvunaji mwekundu. Mzee Kibano aliwaokota kwenye vilima vitatu, chupa tatu kila kilima. Kilima cha tatu leo hakina mti hata mmoja. Ni mashamba mpaka kileleni. Wavunaji wa pale wameisha, na wa mwisho wao walikuwa katika chupa tatu kati ya hizi tisa. Dume angesema kwao ni wapi, maana madume wa kilima kile walikuwa na tofauti, Mzee aliiona. Lakini madume waliazimwa zamani na hawakurudi. Chupa zote tisa zilikuwa na majike, na majike hawasemi kitu. Bi Penseli alizipanga mbele yake tisa zote, na lebo zake tisa kando, akakaa nazo siku nzima bila kula. Angeweza kuzigawa. Lebo tisa, chupa tisa, nani angejua?

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema Mkuu alipoteremka na karatasi ya ripoti. Wafadhili walikuwa wanakuja Alhamisi, na ripoti ilisema: lebo zote zimerudishwa, asilimia mia moja. Palikuwa na nafasi ya saini ya mtunza chumba.

"Hazijarudi zote," Bi Penseli alisema.

"Zilizobaki gawa. Weka popote, mama. Nani atajua?"

"Mimi."

"Mama, umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Usijitafutie makubwa. Pale getini kuna dirisha la tiketi halina mtu, na mimi sipendi kumhamisha mtu mzima akakae juani."

Akufukuzaye hakwambii toka. Bi Penseli aliichukua ripoti, akaikunja, akaenda nayo nyumbani.

Mumewe alikuwa barazani na cherehani yake, anapindua suruali ya mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu ukikanyaga pole pole.

"Saini, mama watoto," alisema. "Mwenye nguvu mpishe. Ni wadudu. Tena wamekufa."

"Na mteja akikuletea suruali tisa uzipoteze majina, utazigawa tu popote?"

"Watakuja kuzijaribisha, watajua."

"Hawa hawatakuja!" Alipaza sauti mpaka jirani akachungulia. "Hao ndio wasioweza kuja, bwana we! Wameisha! Nikiandika uongo, miaka mia kutoka leo mtu ataamini huyu jike katoka kilima hiki, ataandika kitabu juu yake, na hakuna atakayeweza kumsahihisha. Yule Mkuu, kijiti cha meno kule juu, ametupotezea ukweli. Mimi sitamwekea uongo juu yake!"

Fundi akaacha kukanyaga. Alimjua mke wake. "Dirisha la tiketi lina kivuli lakini?" aliuliza.

"Halina."

"Basi nitakushonea pazia," akasema, akarudi kwenye suruali.

Kesho yake, Jumatano, Bi Penseli alifika mapema. Ripoti hakuisaini. Alichonga penseli zote mbili, akakata vikaratasi mia moja themanini na saba, akaanza kuandika. Katika kazi ile kuna kanuni moja ambayo Mzee Kibano hakuwahi kuivunja: lebo haitolewi. Ukiona kosa unaongeza lebo ya pili, na zote mbili zinakaa ndani, ili atakayekuja aone nani alisema nini. Kwa hiyo aliandika, kwa herufi ndogo zilizonyooka: *Mahali hapajulikani. Lebo ya asili ilitolewa kwa amri ya*, kisha cheo cha Mkuu, kisha majina yake yote matatu kama yalivyo kwenye mlango wa ofisi, kisha tarehe. Akatia ndani ya chupa, akafunga. Akachukua nyingine. Mkono uliuma, hakuujali. Hakupumzika mpaka zikaisha.

Kisha akawaandikia watafiti wote waliowahi kuazima, kama mtunzaji anavyopaswa, akiwapa orodha ya chupa zisizo na kwao na sababu yake.

Alhamisi saa nne Mkuu aliteremka na barua ya uhamisho ndani ya bahasha, na suti mpya kwa ajili ya wageni. Akaona chupa tisa juu ya meza. Akainama. Shingo ikaanza kubadilika rangi.

"Hili ni jina langu."

"Ndiyo, Mkuu. Nimeliandika sawasawa? Niliogopa kukosea herufi."

"Unaniaibisha! Litoe!"

"Lebo haitolewi."

"Nasema litoe!"

"Toa mwenyewe," Bi Penseli alisema, akasimama akampisha kiti. "Wewe si ndiye mzoefu wa kutoa? Kibano hicho hapo."

Mkuu hakutaka kibano. Alifungua chupa kwa vidole, spiriti ikamwagikia mkono wa shati, akaichomoa ile lebo, akaichana vipande vinne. Halafu akatazama chupa nane zilizobaki mezani, na rafu nyuma yake. Juu mlinzi alikuwa anaita kwamba magari ya wageni yameingia. Bi Penseli alikwisha keti. Alikuwa amechomoa penseli ya pili kilembani na anaandika.

"Unaandika nini?"

Akamsomea, polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa masharti ya dawa. "Mahali hapajulikani. Lebo ya asili ilitolewa kwa amri ya," akayataja majina yote matatu. Kisha, "Lebo ya pili iliyoeleza hayo ilichanwa leo, saa nne na robo, na," akayataja tena. Akaichovya, akaisukuma ndani kwa kibano mpaka ikalala ubavuni mwa yule jike mwekundu, akafunga kizibo, akaongeza tone la spiriti lililopungua.

"Nyingine, Mkuu?" aliuliza. "Karatasi ninazo."

Mkuu aliiacha bahasha mezani akapanda ngazi, shati limelowa, ananuka spiriti kuwaendea wageni wake.

Bi Penseli sasa yuko getini. Pazia la mumewe ni la maua, wageni hulisifu. Bado ana hasira, usimdanganye kwamba yatapita. Hakuna siku asiyowafikiria wale majike tisa, na ukimwuliza habari za Mkuu atakuambia usiyoweza kuyarudia mbele ya watoto. Wale watatu wa kilima cha mwisho hawatapata kwao tena. Lakini chini kule jina la aliyewapotezea limo katika chupa mia moja themanini na saba, kwa penseli, na katika chupa moja limo mara mbili.